Kifaa Kipya, Mfumo Mpya, Kamba Mpya: Uchambuzi wa Kisa cha Mpandaji Miti Aliyeshuka Bila Kujidhibiti

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika kazi ya kupunguza taji, yaani matawi ya juu, la mti mkubwa uliokomaa, kazi iliyofanywa na kikosi cha watu wanne ambao wote walikuwa na uzoefu. Majina, mahali, tarehe, aina ya mti na chapa ya kifaa vimeondolewa, na vipimo vimetajwa kwa makadirio. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki kama wahusika walivyovieleza na kama vifaa vilivyoonekana vilipokaguliwa baadaye. Wahusika wanatajwa kwa kazi zao: mpandaji, msimamizi, mwokoaji, yaani mpandaji wa pili aliyebaki chini akiwa amekwisha vaa mkanda wake, na msaidizi wa chini.

Kwa ufupi, mpandaji aliteleza alipokuwa akirudi shinani juu ya tawi lililolala, akashika kwa nguvu sehemu ya juu ya kifaa cha kimakanika kilichokuwa kimembeba, na kwa kukishika huko akakifungua. Alishuka takriban mita 3 kabla ya kugonga tawi la chini, mkono ukaachia, na kifaa kikaing'ata kamba. Siku ile ile kikosi kilikilaumu kifaa. Ukaguzi haukukuta kasoro yoyote ndani yake, na hapo ndipo kisa kilipoanza kuwa na jambo la kufundisha.

Usuli

Mpandaji alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi akitumia fundo la msuguano, yaani kamba fupi nyembamba inayozungushwa mara kadhaa juu ya kamba kuu, ikabana inapobebeshwa uzito na kuteleza inaposukumwa kwa mkono kutoka juu. Ni mbinu ya muda mrefu: fundo la Karl Prusik lilijulikana kwa wapanda milima tangu mwaka 1931, na wapanda miti wamelirekebisha kwa namna nyingi tangu hapo. Mpandaji huyu alilitumia katika mfumo wa kamba inayotembea, ambamo kamba hupita juu ya panda ya mti au ndani ya kapi, ncha moja ikiwa imefungwa kwenye mkanda wake na sehemu ya pili ikirudi kwenye fundo lililo kwenye mkanda huo huo.

Vifaa vya kimakanika hufanya kazi ya fundo kwa vyuma. Vingine vina pete au viungo vinavyoilazimisha kamba ipite njia ya kupindapinda, vingine vina mataya yanayoibana, na karibu vyote vina wenzo au sehemu ya juu ambayo ikibonyezwa hulegeza mbano huo. Sifa zake ni za kweli. Kifaa hakichoki kama kamba ya fundo, hakibadiliki tabia kati ya asubuhi yenye unyevu na mchana mkavu kwa kiasi ambacho fundo hubadilika, na hakihitaji kufungwa upya na mtu aliyechoka. Upande wa kamba moja iliyotulia, yaani kamba iliyofungwa isitembee huku mpandaji akipanda na kushuka juu yake, mabadiliko makubwa yaliletwa na Kevin Bingham wa Marekani, aliyebuni Rope Wrench, kifaa kidogo kinachokaa juu ya fundo na kubeba sehemu ya mzigo. Kabla ya hapo, aliyepanda kwa kamba moja kwa kawaida alilazimika kubadilisha vifaa akiwa juu ili aweze kushuka.

Kikosi kiliamua kununua kifaa kinachoruhusiwa na mtengenezaji wake kutumika katika mifumo yote miwili. Sababu iliyotajwa ilikuwa mabega na viwiko vya mpandaji, ambavyo vilianza kuuma kutokana na kujivuta kwa mikono, ilhali kupanda kwa kamba iliyotulia kwa kutumia vishikio vya mguuni na gotini huhamishia kazi hiyo kwenye misuli ya miguu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na uchambuzi huu haukusudii kuupinga. Kasoro ilikuwa katika namna ya kuutekeleza.

Mifumo miwili hubeba mzigo kwa njia mbili

Ni lazima tukae kidogo hapa, kwa sababu bila kuelewa jambo hili mtu atadhani mpandaji alikuwa mzembe tu.

Katika kamba inayotembea, uzito wa mpandaji hugawanyika katika nyuzi mbili zinazoning'inia kutoka kwenye panda. Fundo, au kifaa kilichochukua nafasi yake, hubeba takriban nusu ya uzito. Zaidi ya hayo, ili mpandaji ashuke mita 1, nyuzi zote mbili lazima zirefuke kwa mita 1, kwa hiyo mita 2 za kamba hupita ndani ya fundo. Tena kamba hiyo husugua gome au kapi kule juu inapotembea, na msuguano huo humpunguzia mtu kasi hata kama mkono wake umelegeza fundo kupita kiasi.

Katika kamba iliyotulia, kila kimoja kati ya vitu hivyo vitatu hubadilika. Kifaa hubeba uzito wote. Mita 1 ya kamba ikipita ndani yake, mpandaji ameshuka mita 1 kamili. Na kwa kuwa kamba haitembei kule juu, panda ya mti haimsaidii kwa lolote katika kupunguza mwendo. Kosa lile lile la mkono, la ukubwa ule ule, humshusha mtu kwa kasi ambayo hajawahi kuizoea. Kifaa hakina hatia katika hilo. Hata fundo likitumika peke yake kwenye kamba iliyotulia hung'ang'ania mno likibebeshwa uzito wote kisha likaachia kwa ghafla, na ndiyo maana Bingham alilitafutia msaidizi.

Kuna suala la nanga pia, yaani mahali kamba inapofungwa. Kamba iliyotulia inaweza kufungwa juu kabisa, au ikapita juu ya panda na kushuka hadi kwenye shina, ikafungwa chini. Inapofungwa chini, panda ya juu hubeba uzito wa mpandaji pamoja na mvuto wa upande wa pili wa kamba, jumla ikikaribia mara mbili ya uzito wake, ikipunguzwa kiasi na msuguano wa gome. Mtu ambaye pamoja na msumeno na vifaa ana kilo 95 anaweza kuilemea panda kwa kiasi kinachokaribia kilo 190 akiwa ametulia tu, na zaidi anapopanda kwa kudundadunda. Kwa faida yake, kamba iliyofungwa chini inaweza kulegezwa kutoka ardhini, jambo lililokuja kuwa la maana sana siku hiyo.

Mafunzo na maandalizi

Kabla ya siku ya kazi, mpandaji alifanya mazoezi na kifaa kipya kwenye mti mfupi. Alipanda, akashuka, akabadilisha nafasi, akatembea juu ya matawi mazito karibu na ardhi. Mazoezi yote ya kwanza yalikuwa katika mfumo wa kamba inayotembea, na machache ya mwisho yalikuwa kwenye kamba iliyotulia. Alitumia kamba ya zamani ya kikosi yenye kipenyo cha milimita 13, ambayo ala yake ya nje ilikuwa imechakaa kiasi na kuwa na vinyweleo. Hakubeba msumeno.

Siku ya kazi kamba ilikuwa nyingine. Kikosi kilikuwa kimepokea kamba mpya yenye kipenyo kinachokaribia milimita 11.7, na kifaa kiliruhusu kuanzia milimita 11.5 hadi 13. Msimamizi alisoma lebo, akalinganisha na maandishi yaliyochongwa kwenye kifaa, akaridhika. Kwa mujibu wa karatasi alikuwa sahihi. Kamba ilikidhi kiwango cha Ulaya EN 1891 daraja A, ingawa kiwango hicho huruhusu kamba za kuanzia milimita 8.5 hadi 16 na kwa hiyo hakimwambii mtu kama kamba fulani inafaa kwenye kifaa fulani. Hakuna aliyeuliza jinsi kifaa kinavyohisi mkononi kikiwa juu ya kamba nyembamba, mpya, yenye utelezi wa kiwandani.

Maamuzi mengine ya asubuhi hiyo yalikuwa mazuri, na yanastahili kuelezwa kwa uzito ule ule. Kamba nyembamba ya kurushia ilipitishwa juu ya panda iliyo kwenye kimo cha takriban mita 18, kamba kuu ikavutwa, na panda ikachunguzwa kwa darubini. Watu wawili walijining'iniza kwa pamoja kwenye kamba ili kuijaribu panda kabla ya mpandaji kuamini uzito wake juu yake. Msimamizi alisisitiza kwamba nanga ya chini isifungwe kwa fundo la moja kwa moja shinani, bali ipitie kwenye kifaa cha kushushia kilichofungwa kwa namna ya kutoachia, huku kamba ya akiba yenye urefu wa kutosha kumfikisha mpandaji ardhini kutoka kimo cha juu kabisa ikiwa imekunjwa kando. Mwokoaji aliona kwamba huo ni usumbufu kwa kazi ya nusu siku. Msimamizi hakumkubalia, akaeleza kwamba kama mpandaji atapoteza fahamu, hatua ya kupanda kumfuata itachukua muda ambao hawatakuwa nao. Aliiweka nanga hiyo upande wa shina usioangukiwa na matawi, ili msumeno na mzigo unaoshuka visiikaribie kamba.

Mfuatano wa tukio

Mpandaji alipanda bila shida na akafanya kazi katika sehemu ya juu ya taji kwa muda mrefu wa asubuhi. Kila alipokata, alikuwa ameshikwa mahali pawili: kwenye kamba kuu na kwenye kamba fupi ya kujishikiza iliyozungushwa tawini. Aliwaambia wenzake mara mbili kwamba wenzo ulikuwa mwepesi kuliko alivyozoea. Walilichukua kama sifa ya kifaa.

Baadaye alishuka hadi kwenye tawi lililolala kwenye kimo cha takriban mita 10, akatembea kulifuata kwa umbali wa kama mita 6 kutoka shinani, akajishikiza, akakata ncha yake, akaurudisha msumeno mkandani. Katikati ya njia ya kurudi palikuwa na kishina cha tawi dogo lililokatwa zamani. Ili akivuke, alifungua kamba fupi. Alikusudia kuirudishia upande wa pili, lakini baada ya kuvuka aliona shina liko karibu na akaendelea kutembea. Kuanzia hapo alikuwa ameshikwa mahali pamoja tu.

Alivyokuwa akirudi, kamba ililegea mbele yake na alipaswa kuivuta kupitia kwenye kifaa kila baada ya hatua chache. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukivuta mkia wa kamba. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kifaa, vidole vikiwa vimelala kwenye wenzo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiliwekea mkono fundo lake kwa miaka yote: kulihisi tu, ajue limekaa sawa.

Gome lilikuwa na ukungu wa kijani na unyevu. Mguu uliteleza, akaanguka upande wa ndani, na kamba iliyokuwa imelegea ikakaza. Kwa mshtuko mkono wa kushoto ulifumba, ukaukandamiza wenzo hadi chini, na badala ya kubembea akiwa ameshikwa, alianza kubembea huku akishuka. Mkono wa kulia ulijaribu kubana mkia wa kamba. Hakuwa na glavu upande huo kwa sababu alikuwa ameivua ili ashughulikie karabina, kile kiungio cha chuma kinachofunguka. Nyonga yake iligonga tawi la chini, mkono wa kushoto ukafumbuka, kifaa kikabana papo hapo. Alisimama akiwa amening'inia karibu na shina, kimo cha kama mita 7 kutoka ardhini.

Baadaye aliwaambia waliomhoji: "Nilijua nimeshika kamba. Sikujua nimeshika kifaa."

Msimamizi alimwita, akajibiwa kwa sauti iliyo wazi. Mpandaji alitaka kushuka mwenyewe. Msimamizi alikataa: kiganja kimoja kilikuwa kimeungua kwa msuguano, mkono wa pili ulikuwa ukitetemeka, na kifaa alichotaka kukitumia ndicho ambacho hakuna aliyejua kwa wakati huo kama kilikuwa kizima. Alimwagiza aweke mikono yote miwili mbali na kifaa na ajisukume kutoka shinani kwa miguu. Mwokoaji alisogea chini ya tawi kuongoza njia, msaidizi akaondoa matawi yaliyoanguka mahali pa kushukia, na msimamizi akaifungua nanga ya chini na kumshusha polepole. Kamba ilikwama na kuachia mara kadhaa kwa sababu ya msuguano wa gome kwenye panda, na mishtuko hiyo ilimuumiza nyonga. Alifika ardhini bila mtu yeyote kupanda.

Matokeo

Mpandaji alipelekwa kupimwa. Nyonga ilikuwa imechubuka na kuvimba bila kuvunjika mfupa, na kiganja kilipona baada ya wiki kadhaa. Kamba ilionyesha sehemu yenye urefu wa karibu mita 3 iliyong'aa na kukakamaa kwa joto la msuguano, ikaondolewa kazini. Kifaa kiliwekwa kando na kukaguliwa na mtu mwenye sifa ambaye hakuwa wa kikosi hicho: hapakuwa na ufa, springi ilirudi ipasavyo, na mikwaruzo ilikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na mtengenezaji. Kushuku kasoro ya kiwandani hakukuwa upuuzi. Mwaka 2013 kampuni ya Petzl iliwataka watumiaji wa toleo la kwanza la ZigZag, kifaa chake cha kimakanika cha wapanda miti, waache kukitumia na kukirudisha, na kila kikosi kinachotumia vyuma kinapaswa kuweka daftari la namba za vifaa vyake ili tangazo la namna hiyo likitoka kijue mara moja kama linakihusu. Hata hivyo, katika kisa hiki chuma kilifanya kile kilichoundwa kufanya. Kilibonyezwa, kikafunguka, kiliachiwa, kikafunga.

Uchambuzi

Kikosi kiliita hatua yake "kubadilisha kifaa". Ukweli ni kwamba kilibadilisha vitu vitatu ndani ya muda mfupi: kifaa, mfumo na kamba. Kila kimoja kati ya hivyo kilifanya mteremko uwe rahisi zaidi kuanza au wa kasi zaidi ukishaanza. Wenzo wa chuma huhitaji nguvu ndogo kuliko fundo lililokaza. Kamba iliyotulia huondoa ile nusu ya mwendo na ule msuguano wa juu vilivyokuwa vikimlinda mpandaji bila yeye kujua. Kamba nyembamba na mpya huteleza kwa mbonyezo ambao kwenye kamba nene iliyochakaa usingetosha hata kuisogeza. Kwa kuwa vilibadilika pamoja, mpandaji hakuwa na namna ya kujua hisia ngeni aliyoipata ilitoka wapi. Alisema kweli aliposema wenzo ni mwepesi. Taarifa hiyo ilikuwa ya thamani kubwa kuliko zote zilizotolewa asubuhi ile, na hakuna aliyeuliza swali la pili: mwepesi kwa sababu gani?

Hapa sikubaliani na maoni ya mmoja wa waliochunguza kisa hiki, aliyeandika kwamba chanzo ni tabia mbaya ya mpandaji ya kuweka mkono juu ya kifaa. Tabia hiyo haikuwa mbaya ilipojengeka. Kulihisi fundo kwa vidole ni njia halali ya kujua kama limekaa sawa, na wapandaji wengi wazuri hufanya hivyo. Ni kweli kwamba hata fundo likishikwa kwa nguvu kutoka juu huteleza, na ajali za namna hiyo zipo. Lakini katika mfumo wake wa zamani alikuwa na nafasi ya kutosha kati ya kosa na madhara yake, na mwili wake ulijifunza ndani ya nafasi hiyo. Kumwambia mtu aache tabia ya miaka mingi bila kumpa kitu kingine cha kufanya na mkono ule ni kumwachia mshtuko wa kwanza uamue, na mtu aliyeshtuka hufumba mkono, hafumbui.

Ndiyo sababu vishushio vingi vinavyotumika katika kazi za kamba za viwandani vina mfumo unaofunga tena pale wenzo unapovutwa kupita kiasi. Vifaa vingi vya wapanda miti havina kinga hiyo, kwa kuwa mpanda miti anahitaji kusogea juu na chini mara kwa mara kwa kutumia vidole tu, na kinga ya namna hiyo ingemsumbua kila hatua. Ni uamuzi wa ubunifu wenye faida na gharama, na gharama yake inalipwa na mtumiaji. Anayenunua kifaa cha aina hii anapaswa kujua kwamba amenunua chombo kinachotii mkono wowote, hata ule uliopigwa na butwaa.

Suala la kamba fupi ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Mpandaji alikuwa na nidhamu wakati wa kukata. Alipoteza nidhamu wakati wa kutembea, kwa sababu kikosi chote kilikuwa kimezoea kuhesabu kukata kuwa hatari na kutembea kuwa mapumziko. Nchini Uingereza kanuni za mwaka 2005 za kazi za mahali pa juu zinataka kamba mbili zenye nanga tofauti katika kazi za kamba, isipokuwa pale kamba ya pili itakapoongeza hatari, na watu wa miti wamebishana sana kuhusu namna ya kuzingatia hilo ndani ya taji lenye matawi mengi. Bila kuingia katika mabishano hayo, kisa hiki kinaonyesha kwamba kishina kile cha zamani kingeweza kukatwa wakati mpandaji akielekea nje, akiwa ameshikwa mahali pawili, na njia ya kurudi ingekuwa safi. Hakikukatwa kwa sababu hakikuwamo kwenye orodha ya kazi iliyoagizwa. Sababu ya kawaida kabisa, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Ulegevu wa kamba nao ulichangia. Kifaa cha kamba iliyotulia husogea vizuri kinapovutwa juu na ukanda wa kifuani, na ukanda wa mpandaji ulikuwa umelegezwa ili apate nafasi ya kuinama wakati wa kukata. Hakuukaza tena. Kwa hiyo kifaa hakikujisogeza kufuata kamba kama kilivyopaswa, naye akalazimika kukisaidia kwa mkono wa kushoto. Maelezo haya yalipatikana kwenye picha zilizopigwa alipofika chini, na bila picha hizo tungeendelea kudhani kwamba mkono ulikuwa pale kwa mazoea peke yake.

Kilichofaulu bila shaka yoyote ni nanga ya chini inayoshushika, pamoja na uamuzi wa msimamizi wa kutomruhusu majeruhi ajishushe. Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, kwa maana mpandaji alikuwa mkubwa kwake kwa umri na kwa miaka ya kazi, na alizungumza kama mtu aliye timamu. Hata nanga hiyo ina mipaka. Kama kamba fupi ingekuwa bado imezungushwa tawini, kulegeza kutoka chini kusingemshusha mtu; kungehamishia uzito wake kwenye kamba fupi, na mwokoaji angelazimika kupanda. Kumshusha kwa mishtuko kulionyesha pia kwamba hakuna aliyewahi kulijaribu zoezi hilo juu ya gome halisi. Ala ya kinga iliyowekwa kwenye panda, au kapi, ingelainisha mwendo na kuihifadhi kamba.

Mabadiliko yaliyofanywa

Katika kikao cha kwanza baada ya tukio, wawili kati ya wanne walitaka kikosi kirudi kwenye mafundo. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa heshima na ikakataliwa, kwa sababu kamba za mafundo nazo huungua, huchakaa na hufungwa vibaya, na mabega ya mpandaji yasingepona kwa kurudi kwenye kilichoyaumiza. Kilichokubaliwa ni kwamba kitu kimoja tu ndicho kitakachobadilishwa kwa wakati mmoja. Kifaa kipya kitatumika kwanza katika mfumo ambao mpandaji anaujua na kwenye kamba anayoijua, hadi yeye na msimamizi wote waridhike. Baada ya hapo mfumo, na kamba mwishoni.

Kila muunganiko mpya wa kamba na kifaa sasa hujaribiwa ukiwa karibu na ardhi, mpandaji akiwa amevaa vifaa vyote pamoja na msumeno uliozimwa. Huketi kwenye kamba, hubonyeza wenzo taratibu hadi aone mahali unapoanza kuachia, kisha huambiwa ghafla aachie. Zoezi la kuachia hurudiwa mara nyingi, hata pale linapochosha. Mkono wa kushoto umepewa kazi nyingine: ukiwa haushushi, hukaa kwenye kamba juu ya kifaa kwa umbali wa urefu wa mkono, au kwenye tawi. Wenzo huguswa tu wakati uzito umekaa kwenye mkanda na mkono wa kulia umeshika mkia wa kamba. Kutembea juu ya tawi bila mshikio wa pili kunahitaji kutamkwa kwa sauti na kujibiwa na msimamizi, na mara nyingi kule kutamka kunatosha kumfanya mtu airudishie kamba fupi.

Ukaguzi wa kitaalamu wa vifaa umewekewa muhula wa miezi 6, ule ule unaotakiwa na kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kwa vifaa vya kuinulia watu, pamoja na ukaguzi wa mtumiaji kila asubuhi. Daftari lina safu mpya inayoandika ni kamba ipi iliyotumika na kifaa kipi, na safu nyingine ndogo ambamo mpandaji huandika kwa maneno yake jinsi wenzo ulivyohisi mkononi. Mpandaji aliporudi kazini, alianza tena kwenye mti mfupi, na kifaa kile kile, kwenye kamba inayotembea.